Ndevu za Mzee Kweyu Zaonekana Kware

Kware, Pipeline
18 Februari 2024

Kwa Shangazi Selpher,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya sita, mahali ambapo jua tunalisikia tu kwa majirani wa upande wa barabara. Mimi niko, si mzima sana. Mama yuko Kakamega kwa dada yake, anasema magoti yanamsumbua, lakini mdomo bado haujamsumbua hata siku moja. Kiwandani safari hii tunashona mashati ya shule. Kola na mfuko, kola na mfuko, mpaka nikilala naota mifuko. Austine anakusalimu. Ni yule fundi wa umeme wa Kaloleni niliyekutajia Krismasi. Anataka kuleta wazee wake huko nyumbani Desemba wajitambulishe, kwa hivyo mwambie Anko Patrobas aanze kujiandaa kutabasamu.

Naandika barua kwa sababu huko kwenu neti ya simu hupatikana tu juu ya kile kichuguu kilicho mlangoni pa Mama Lenah, na jambo hili silitaki kichuguuni.

Tangu mwaka jana hedhi yangu imekuwa ya kubahatisha. Huja ikitaka, na siku hizi haitaki. Nimenenepa bila kula. Nasikia baridi saa ambayo wenzangu wanajipepea. Shingo imejaa kidogo hapa mbele. Na kidevuni, Shangazi, nimeota nywele. Si mbili tatu. Ni ndevu.

Hospitali ya kwanza walinipiga picha ya tumbo, wakasema ovari zangu zina vifuko vidogo vidogo vingi vya mayai yasiyokomaa. Wakanipa jina refu la ugonjwa na kuniambia nipunguze chapati. Sikuridhika, nikaenda kwa daktari mwingine, mwanamke anayeitwa Kathini. Huyu hakuanza na tumbo, alinishika shingo. Alisema hapo mbele kuna tezi, na ikizembea, mwili wote huzembea nayo, hata ovari. Kwa hivyo kabla hajaliamini lile jina refu anataka damu yangu ipimwe. Kisha akaniuliza swali ambalo sina jibu lake: katika ukoo wa baba yangu kuna mwanamke aliyewahi kuvimba shingo, au aliyekosa kupata watoto?

Baba yangu hayupo, Mungu amlaze pema. Mama anasema ukoo wenu haukuwahi kumwambia lolote isipokuwa karibu ule. Umebaki wewe. Nijibu kabla ya Pasaka, tafadhali.

Mimi mtoto wako,
Triza


Funyula
2 Aprili 2024

Triza, mtoto wa ndugu yangu,

Barua yako ilifika ikinuka viatu vya mitumba kwa sababu kondakta aliitia ndani ya robota la mtu. Niliianika juani, kisha nikaisoma. Huku tu wazima. Pasaka ilipita vizuri ila kwaya ilikosa sauti ya chini kabisa, ikabidi mama mmoja ajaribu, na watoto wakalia. Mahindi yametoka. Yule kuku mwekundu ametotoa, lakini anakanyaga watoto wake mwenyewe.

Sasa kuhusu hizo ndevu. Zimeanzia wapi? Zimeacha mashavu zikashika kidevu peke yake? Upande wa kushoto zimezidi? Jibu upesi, na usiniulize kwa nini. Lakini najua utauliza, basi nitakuambia. Babu yako, Mzee Kweyu, alikuwa nazo hivyo hivyo. Tangu tumzike hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Patrobas amezaa wasichana watupu, na ndugu yangu marehemu alikupata wewe tu. Unajua kwetu aliyekufa hapumziki bila mtu wa kubeba jina lake. Mtoto mchanga hulia na kulia mpaka atajiwe jina la aliyemjia, ndipo anyamaze. Inaonekana Mzee amechoka kungoja mtoto, ameamua kuja kwa mtu mzima.

Nilimsomea Patrobas barua yako. Sikusoma yote. Nilisoma kipande cha ndevu.

Nimekutumia kifurushi. Ni firigisi za kuku, nimezikausha moshini. Tangu Mzee afe, firigisi zote za nyumba hii zimekuwa zikiliwa na Patrobas, na sasa imebainika alikuwa anakula za wenyewe. Usimpe mwanamke yeyote, ni za baba mwenye nyumba. Ule ukiwa umeketi kwenye kiti, si kitandani.

Swali la daktari wako nimeliona. Mvua huku imeanza vizuri.

Shangazi yako,
Selpher


Kware
28 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Mvua uliyoisifu ilitufikia pia, ikatufungia ndani karibu wiki nzima. Ngazi ziligeuka mto. Tuko salama. Firigisi zilifika na zikanukia ghorofa zote, mpaka jirani yangu Clare akabisha kuuliza kama tunachoma nyumba. Nilimwambia ni chakula cha babu yangu. Akauliza babu yuko wapi.

Kabla ya yote, tuongee habari ya Anko Patrobas. Alinipigia simu kutoka kichuguuni, nikamsikia Mama Lenah akisafisha koo kando yake. Aliongea kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayeomba ruhusa ya kukosa shule. Aliniita Baba. Akaniuliza nimeamkaje, nimekula nini, kisha akasema kama sina neno, angependa kumwuza yule fahali mweusi. Nilikuwa kwenye mashine, msimamizi wetu Musyoka amenisimamia kichwani. Nikamwambia afanye anavyotaka. Jioni nikapata ujumbe kwamba fahali ameuzwa kwa idhini ya Mzee.

Shangazi, yule fahali si wake. Ni wako.

Majibu ya damu yametoka. Tezi ya shingo yangu imelala, na mwili wenyewe umekuwa ukiipiga vita bila mimi kujua. Ovari nazo zina vifuko kweli. Nilimwuliza Kathini ni ipi iliyoanza kuharibu mwenzake. Alicheka, akasema, "Hata wakubwa wangu bado wanabishana. Najua tu mara nyingi nawakuta pamoja, na huyu wa shingo akilala, yule wa tumbo naye hulegea." Kwa hivyo wa shingo ataamshwa kwanza. Nimepewa tembe, moja kila asubuhi kabla ya chai, halafu baada ya wiki kadhaa anipime tena ndipo tushughulikie ovari. Hata ndevu zitapungua, alisema, ila polepole, nisitazame kioo kila saa.

Bado anataka lile jibu. Anasema ugonjwa wa tezi hupenda kutembea katika damu moja, na kama kuna mwingine huko nyumbani mwenye shingo, naye apimwe mapema. Shangazi, niandikie kweli.

Triza


Funyula
30 Mei 2024

Baba,

Nakuamkia kwa magoti. Nilianza barua hii nikiwa nimepiga magoti kweli, lakini kalamu inataka meza, ikabidi niinuke, unisamehe.

Kuhusu fahali sina neno. Alikuwa mtoto wa ng'ombe uliyeniachia, ulimtoa wewe na umemwuza wewe. Nililia kidogo, lakini nililia kule kisimani ili isionekane nakupinga. Patrobas ameezeka jiko lake mabati mapya. Mvua ikinyesha tunasikia sauti ya fahali wangu.

Wazee walikaa. Walikubaliana, jambo ambalo sijawaona wakilifanya tangu nizaliwe. Desemba utakuja nyumbani uketishwe, jogoo achinjwe, pombe ya busaa inywewe, na utajwe kwa jina hilo mbele ya watu. Uje na ndevu, zisiguswe na mkasi. Na zile tembe zisimezwe kabla ya hapo. Daktari akizifukuza ndevu atakuwa amemfukuza Mzee kabla hajaketi, na hatujui kama atarudi tena au ataudhika moja kwa moja. Wewe mwenyewe unajijua ulivyo na hasira.

Habari ya yule kijana wa umeme pia ilizungumzwa. Patrobas aliuliza: mahari ya Mzee Kweyu ni ng'ombe wangapi, na ni nani atakayeyapokea, Mzee mwenyewe? Hakuna aliyewahi kuona babu akiolewa. Wazee wa kijana wameambiwa wangoje. Mchungaji naye aliitwa atoe maoni. Alisema jambo hili hajaliona katika Maandiko, lakini kama Mzee amerudi, anaomba ajiunge tena na kwaya, maana sauti ya chini imetuangusha.

Kuhusu shingo, hilo si jambo la kuandikwa kwenye karatasi. Kuku mwekundu tumemchinja. Firigisi yake naikausha.

Binti yako,
Selpher


Kware
16 Juni 2024

Shangazi,

Salamu ni zile zile. Nimenyoa.

Nilikwenda kwa kinyozi hapa chini, kijana anaitwa Job, nikangoja foleni kati ya wanaume. Ilipofika zamu yangu alinigeuza kidevu huku na huku, akasema kwa heshima kubwa, "Madam, hii imeshika vizuri. Tuipange ama tuitoe yote?" Nikamwambia atoe yote. Austine alikuwa amekaa mlangoni akinisindikiza. Tangu wazee wake waambiwe wangoje, amekuwa mtu wa kunyamaza. Njiani alinishika mkono akasema, "Babe, sikukatia guka yako. Nilikukatia wewe." Nilicheka kufikiria mtu akimtongoza Babu, halafu nikaona hacheki.

Shangazi, mimi si Babu. Babu alikuwa mkubwa wa reli, alikuwa na sauti ya kutikisa madirisha, na hakuwahi kusinzia kazini. Mimi juzi nililala juu ya mashine macho wazi, nikashona mifuko ya furushi zima la mashati ikafungwa juu, chini na pande zote. Musyoka aliinua shati moja akaniuliza mtoto ataweka wapi kalamu. Sikufukuzwa kwa sababu alidhani nimefiwa.

Tembe ziko juu ya kabati. Sijameza hata moja. Kila asubuhi natia maji kwenye kikombe, nashika tembe, halafu nakumbuka kwamba ukoo mzima umeketi kungoja nisiimeze. Naogopa. Sio Babu ninayemwogopa, ni nyinyi. Nikiwaudhi, nani atapokea wazee wa Austine? Baba yangu hayupo wa kuniketia siku ya mahari.

Nataka kupona. Nataka kuolewa, na siku moja nipate mtoto nimpe jina lolote mtakalo, hata la Babu, alilie mpaka achoke. Hayo si makubwa. Nijibu lile swali moja tu.

Triza


Funyula
29 Julai 2024

Triza,

Tuko salama. Habari ya kunyoa ilifika kabla ya barua kwa sababu ulimwambia mama yako, naye akapiga simu kichuguuni. Patrobas alivaa suti nyeusi, akapokea rambirambi. Watu walileta sukari. Wazee wamesema tusikate tamaa, ni nywele, si meno, zitaota tena kabla ya Desemba.

Mahindi tumevuna, si mabaya. Jogoo wa sherehe amenunuliwa, ni mkali, amempiga mchungaji.

Usiniulize tena habari ya shingo. Wewe ni mtoto. Mtoto hamwulizi shangazi yake mambo ya tumbo na ya ndoa. Angeniuliza Baba mwenyewe ningejibu, lakini Baba hakuwahi kuuliza.

Nimekutumia firigisi nyingine.

Selpher


Kware
11 Agosti 2024

Selpher binti yangu,

Ni mimi baba yako. Natumia mkono wa mjukuu kwa kuwa wangu niliuacha huko shambani, mnajua mlipouzika.

Nawasalimu nyote. Huku Kware si kubaya. Nimepewa kiti cha plastiki, na firigisi nazila nikiwa nimeketi kama ulivyoagiza, ingawa hizi za mwisho zimezidi chumvi. Majirani ni wengi kuliko behewa la daraja la tatu, lakini wana adabu. Mchungaji mwambieni siimbi, mapafu yalibaki na mkono. Patrobas aambiwe kwamba ruhusa ya fahali niliitoa nikiwa kazini, na ruhusa ya mtu aliye kazini si ruhusa. Akurudishie mnyama mwenye kwato. Na avue ile suti, ni mimi niliyemnunulia, si ya kuvaliwa ovyo.

Hayo ni madogo. Umesema ningekuuliza ungejibu. Haya, nakuuliza.

Shingo yako ilianza lini? Kule kwa mume wako kulitokea nini? Ulirudi nyumbani ukiwa mwanamke kijana, na sijawahi kusikia katika nyumba hii mtu akisema kwa nini. Usiniambie ni mambo ya watu wazima, mimi ndiye mtu mzima wa mwisho. Kuna msichana hapa anaumwa, ana dawa na haimezi, na ana shingo ambayo hakuiokota barabarani. Nijibu kama binti anavyomjibu baba yake, bila mvua na bila kuku.

Baba yako,
Kweyu


Funyula
1 Septemba 2024

Baba,

Umeuliza.

Ilianza mwaka wa pili wa ndoa yangu kule Sio Port. Nilikuwa nasikia baridi mchana wa jua, wanawake wa ziwani wakanicheka. Nilikuwa nalala nikisaga, nalala nikichota maji. Hedhi ilikatika. Watu wa nyumba ile walifurahi sana, wakadhani nimepata mimba. Mama mkwe alininyang'anya mtungi, akanipa kuku wake mzuri, akaniwekea blanketi. Nami nikafurahi, nikakaa. Tumbo lilinenepa, na mwili wote pia. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Walikuwa bado wananipa maziwa. Baba, nilikuwa mjamzito mwaka mzima na zaidi, hakuna aliyethubutu kusema neno, na mimi niliogopa kuwa wa kwanza. Tulishonea nguo mtoto ambaye hayupo. Mwishowe shemeji mmoja alilewa akauliza kama nimebeba ndovu, ndipo kila mtu akavunjika moyo siku moja, wakanichukulia mimi kuwa mwongo.

Wakati huo shingo ilikuwa imetoka. Sista wa zahanati ya misheni aliniangalia akasema nipelekwe Kisumu, kwamba mgonjwa ni shingo, na tumbo linaingoja shingo. Aliyasema mbele ya mume wangu, naye akakuita.

Ulikuja na Patrobas. Ulivaa koti la reli. Sista alikueleza vilevile, ukamjibu kwamba hujawahi kuona mtoto akitoka shingoni. Watu wakacheka. Mume wangu pia alicheka. Ukakubali ng'ombe wao warudishwe, ukanifungia mizigo, tukaondoka. Njia nzima hukusema kitu. Nyumbani ulinionyesha ile nyumba ndogo nyuma ya jiko, ukaenda kula.

Nilikungoja. Mtu akitolewa kwa mume namna ile, baba yake humwuliza mara moja tu, mwanangu, imekuwaje? Ningelia, ningekueleza, ingekwisha. Hukuuliza jioni ile wala kesho yake. Mpaka unakufa uliniuliza mvua imenyesha, na kuku ametaga, na mahindi yakoje, nami nikajifunza kukujibu hayo. Sasa siwezi kuandika barua bila hayo. Nilikuchukia, Baba. Nilikupikia, nikakuogesha ulipougua, na nilikuchukia.

Triza alipoandika habari ya ndevu nilifurahi kuliko wazee wote. Wao walitaka jina. Mimi nilitaka uje nikuulize. Ndiyo sababu nilikubali mtoto asimeze dawa, nikijua anaumwa, nikijua hata ni ugonjwa gani. Niliogopa utaondoka kabla sijapata nafasi. Hilo nimelifanya mimi, si wazee.

Shingo bado iko. Sasa ni kubwa, na nikilala chali napumua kwa shida.

Nimejibu. Nawe nijibu. Kwa nini hukuuliza?

Selpher


Kware
15 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, sikuweza kungoja kufika mlangoni. Nililia pale pale, watu wakinipita na mitungi ya maji. Clare alikaa kando yangu bila kujua tunamlilia nani.

Sijui Babu angekujibu nini. Nimeketi kwenye kile kiti nikajaribu kumsikia, nikasikia tu jirani wa juu akisukuma kitanda. Siwezi kukudanganya kwa jina lake. Lakini jina mmenipa, firigisi zake nimekula, fahali ameuzwa kwa kinywa changu. Basi na kosa lake ni langu pia, na nitalisema mara moja kama mwenye jina.

Selpher, nilipaswa kuuliza. Niliona aibu mbele ya wakwe, na badala ya kuibeba nikakutwika wewe. Kisha kila siku iliyopita ilifanya kuuliza kuwe kugumu zaidi, nikaona heri niulize kuku. Nakuuliza sasa. Imekuwaje, mwanangu? Nimechelewa sana. Nisamehe.
Kweyu

Hapa ni Triza tena. Kathini nimemweleza yote. Aliweka kalamu chini, hakucheka hata kwa ile mimba ya mwaka mzima. Alisema yule sista alijua kazi yake. Alisema shingo iliyofika hapo lazima ipigwe picha kwanza, ndipo ijulikane kama ni tembe au ni kisu. Hakuahidi kwamba ungepata watoto kama ungepelekwa Kisumu. Alisema tu ulistahili kupelekwa. Kisha akasema, "Mlete."

Mimi bado sijameza. Nilikasirika nawe jioni nzima, sitaficha, kwa sababu ulijua. Lakini asubuhi niliposhika kikombe niliona kwamba pengine hujamaliza naye. Ndevu zimeota tena, upande wa kushoto zimezidi. Kama yuko, yuko. Sitamfukuza nikiwa peke yangu, na siwezi kuendelea hivi muda mrefu. Juzi nilianguka pale kiwandani, wakaniinua Musyoka na wenzake. Niambie wewe.

Triza


Funyula
22 Septemba 2024

Triza mwanangu,

Barua yako imefika upesi kuliko zote, kondakta aliileta mwenyewe mpaka kisimani. Niliisoma mara moja pale, kisha jioni nikawaita wote nikawasomea. Safari hii nilisoma yote, na ile yangu nikawasimulia. Patrobas alikuwepo siku ile ya Sio Port. Wazee waliuliza habari ya Desemba, na jogoo, na busaa. Niliwaambia Mzee hakuja kutafuta jina, alikuja kwa neno moja na amelisema, na anayetaka ndevu afuge zake. Mmoja alitaka kubisha. Nilivua kitambaa cha shingo nikamwonyesha, akaketi tena.

Patrobas aliuliza swali moja la sheria, kwamba Mzee akiondoka, je, uuzaji wa fahali unabaki halali? Asubuhi niliamka nikakuta ndama jike amefungwa mlangoni pangu, na mabati mawili yameng'olewa kwenye jiko lake, nadhani kwa huzuni.

Wazee wa Austine waje Desemba. Wewe ni msichana wa nyumba hii na mahari yako yanahesabika. Nitakuketia mimi. Kama kuna mwenye neno, aje aliseme mbele yangu.

Naja na basi la Jumatano. Mwambie Kathini aniwekee nafasi, na unipokee stendi, maana mji huo nimeusahau.

Jana nilikwenda kaburini, nikakaa, nikamwambia yaliyobaki, yale ambayo hayaandikiki. Nilimtukana kidogo. Nilimwambia pia nimesikia alichosema kwa mkono wako, na kwamba najua ni wewe, na kwamba imenitosha.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, meza dawa. Akitaka kuondoka, mwache aende. Tumeshaagana.

Shangazi yako,
Selpher